Mpiganaji, Kasisi, Malenga au Mwenye Agano: Ulinganisho wa Fani za Wahusika kwa Anayeanza

Mchezaji mgeni anapoketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao watu huigiza wahusika wa hadithi na dadu huamua matokeo, huulizwa kwanza mhusika wake atakuwa wa fani gani, yaani kazi na uwezo wake, na jibu lake ndilo litakaloamua atakuwa akifanya nini kila zamu kwa miezi kadhaa ijayo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 2014 kina fani 12, na toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka wa 2024 limebaki na 12 zizo hizo. Wengi wanaojiunga nasi hapa Kisumu hutaka kujua ni ipi iliyo na nguvu kuliko zote. Sioni kama swali hilo linawasaidia, kwa kuwa msimamizi, yaani anayeendesha hadithi na kuwaigiza maadui, akiwa mwangalifu hupanga maadui na vikwazo kulingana na wahusika alio nao, na fani inayotamba vitani leo huenda ikakaa kimya kesho kikundi kitakapokuwa kwenye baraza la mfalme. Mimi ambaye mara nyingi ndiye msimamizi humwomba mgeni ajiulize mambo mawili: kwanza, anapenda zamu yenye uamuzi mmoja au yenye uamuzi kumi, na pili, akichagua uwezo usiomfaa, atakaa nao kwa muda gani kabla ya kanuni kumruhusu kuubadilisha.

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika mazingira yetu. Tunacheza Jumamosi alasiri, na wapo wanaolazimika kuwahi matatu za Maseno na Ahero kabla ya giza, hivyo mchezaji anayetumia dakika tano kupekua orodha yake huwalia wenzake zamu zao. Kitabu cha karatasi aghalabu ni kimoja kwa meza nzima. Wengine hutegemea simu, na simu huisha chaji. Heri ni kwamba sehemu kubwa ya kanuni za toleo la 2014 iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kunakili bure, mnamo Januari 2023, kwa hiyo mtu anaweza kwenda saiba akachapisha kurasa za fani yake bila kuvunja hakimiliki ya mtu. Mpiganaji atatoka na kurasa chache, msomi atatoka na bunda. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, na atakayevitafuta ajue kwamba ninayemwita mpiganaji humo ni Fighter, mbabe ni Barbarian, mjanja ni Rogue, msomi ni Wizard, kasisi ni Cleric, malenga ni Bard, na mwenye agano ni Warlock. Takwimu nitakazotaja ni za kanuni za 2014 isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Mpiganaji na mbabe

Mchezo huu ulipotolewa nchini Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka wa 1974, ulikuwa na fani tatu tu, nazo ni mpiganaji, msomi na kasisi. Mpiganaji ndiye aliyebaki rahisi zaidi kueleweka. Katika ngazi ya 1, yaani daraja la kuanzia la mhusika, ana pointi 10 za uhai pamoja na nyongeza ya ustahimilivu wake, kinga yake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili kumpata, hufika 18 akivaa deraya ya minyororo na kushika ngao, na ana uwezo wa kujirudishia uhai kidogo mara moja kati ya mapumziko na mapumziko. Zamu yake inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: anasogea, anatupa dadu ya pande 20 kuona kama amempata adui, kisha anahesabu jeraha. Ngazi ya 2 humpa uwezo wa kutenda mara mbili katika zamu moja, na ngazi ya 5 humpa pigo la pili katika kila shambulio. Upanga mkubwa wa mikono miwili hutupiwa dadu mbili za pande 6, jambo ambalo lina maana mahali ambapo seti kamili ya dadu za mchezo huu ni adimu ilhali dadu za ludo hazikosekani katika nyumba yenye watoto.

Mbabe husimama palepale alipo mpiganaji, lakini huchezwa kwa moyo tofauti. Ana pointi 12 za uhai mwanzoni, na anapopandwa na hasira, ambayo katika ngazi ya 1 anaweza kuipandisha mara mbili kwa siku, jeraha la silaha za kawaida hupunguzwa kwa nusu. Kibwengo, adui mdogo aitwaye Goblin, mwenye upanga mfupi humpa mtu jeraha la wastani wa pointi 5. Mbabe aliyekasirika hupokea 2. Wachezaji waliokulia Nyanza hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa wamesimuliwa habari za Lwanda Magere, shujaa ambaye mikuki ya adui haikupenya mwili wake hadi siri ya kivuli chake ilipofichuliwa. Na kama ilivyo kwa Lwanda, mbabe naye ana upande wake ulio wazi. Hasira yake huzimika akimaliza zamu bila kumshambulia adui wala kujeruhiwa tangu zamu iliyotangulia, kwa hiyo adui mwenye mbawa au mpiga mishale aliye ng'ambo ya mto humwacha akihangaika ukingoni, huku matumizi ya hasira yake yakipotea bure.

Wote wawili wana udhaifu mmoja ambao wageni huugundua wakiwa wamechelewa, nao ni kwamba mapigano yakiisha na mazungumzo kuanza, karatasi zao, ambazo uwezo wa mhusika huandikwa, hazina mengi ya kuwapa. Mchezaji mwenye maneno atalifunika pengo hilo kwa kipaji chake mwenyewe. Mchezaji mkimya atakaa akingoja vita vinavyofuata, na yapo maigizo ambayo vita vyake huja mara moja kwa jioni nzima. Kwa mtu asiyejua anachotaka, bado ningemwelekeza kwa mpiganaji, kwa sababu hakuna uteuzi wake wa ngazi ya 1 utakaomharibia mchezo. Mbabe ningemwachia yule anayefurahia kupigwa na kubaki wima.

Mjanja

Mwizi hakuwamo katika zile fani tatu za kwanza. Aliingizwa na nyongeza ya mwaka wa 1975, na mjanja wa leo ni mjukuu wake. Watu humchagua kwa sababu ya giza, barakoa na visu viwili, kisha hushangaa kuona kwamba ndiye mwenye kutegemea wenzake kuliko wote walio na silaha. Pigo lake la kuvizia huongeza dadu moja ya pande 6 mwanzoni, na dadu hizo huongezeka kila baada ya ngazi mbili hadi zinafika 10 katika ngazi ya 19. Hata hivyo, kanuni zinadai awe na nafuu juu ya adui (kutupa dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa), au mwenzake awe amesimama ndani ya futi 5 kutoka kwa adui huyo, na pigo lenyewe halitolewi zaidi ya mara moja katika zamu. Mjanja aliyetangulia peke yake gizani bila kujificha vizuri ni mtu mwembamba mwenye kisu kidogo.

Thamani yake kubwa iko nje ya mapigano. Anachagua stadi mbili ambazo nyongeza yake ya umahiri huwa maradufu, hufungua kufuli, hutegua mitego, na kuanzia ngazi ya 2 anaweza kukimbia, kujitoa kwenye pambano au kujificha katika zamu ileile aliyoshambulia. Maana yake ni kwamba mchezaji wake huwa na swali la kumwuliza msimamizi karibu kila dakika: mlango una nini nyuma yake, mlinzi anaelekea wapi, dirisha lina ukubwa gani. Ukiwa mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo, fani hii itakutosha kwa miaka. Ukitaka tu idadi kubwa ya jeraha, hesabu haikupendelei sana, kwani katika ngazi ya 5 mjanja mwenye upanga mfupi na wepesi wa kutosha hutoa wastani wa 18 akimpata adui, ilhali mpiganaji wa ngazi hiyohiyo mwenye upanga mkubwa hutoa takriban 22 mapigo yake mawili yakimpata.

Ombi langu kwa wanaomchagua ni kwamba wasiwaibie wahusika wenzao. Kanuni haziwazuii, lakini meza nyingi ninazozijua, hapa na Nakuru, zimewahi kununiana kwa sababu ya mjanja aliyeficha kito cha wote mfukoni mwake na kusema eti ndivyo mhusika wake alivyo.

Msomi na kasisi

Hapa ndipo uamuzi unapokuwa mgumu kwelikweli, kwa sababu fani hizi mbili huonekana kama zinatofautiana kwa rangi tu, mmoja akirusha moto na mwingine akitibu majeraha, ilhali zinamtaka mchezaji aishi maisha mawili tofauti.

Msomi huanza akiwa na pointi 6 za uhai na nyongeza ya ustahimilivu, hana deraya, na mapigo mawili ya kibwengo yanatosha kumlaza chini. Kitabu chake kina matamko, yaani maneno ya uchawi, 6 ya ngazi ya 1 (matamko nayo yana ngazi zake), na nafasi za kuyatumia ni 2 tu kwa siku, ukiacha yale madogo yasiyokwisha na nafasi anayoweza kujirudishia mara moja kwa siku baada ya mapumziko mafupi. Umaskini huo wa mwanzo ndio unaowafukuza wageni. Lakini chukua pambano dogo ninalopenda kuwapa wanaojifunza: vibwengo watatu wamejibanza kwenye mwanya kati ya mawe makubwa ya Kit Mikayi, kila mmoja akiwa na pointi 7 za uhai, na mpiganaji wa kikundi amewakabili akiwa peke yake. Msomi anatamka tamko la usingizi, anatupa dadu tano za pande 8, na wastani wake ni kama 22. Vibwengo wote watatu kwa jumla wana 21. Pambano limekwisha bila tone la damu. Sasa badilisha jambo moja tu: mpiganaji ameshajeruhiwa, amebakiwa na pointi 4, na amesimama ndani ya eneo la tamko. Usingizi humwanzia mwenye uhai mdogo zaidi bila kujali ni rafiki au adui, kwa hiyo yeye ndiye atakayekoroma kwanza, pointi zake 4 zitaondolewa kwenye ile 22, na kibwengo mmoja atabaki macho juu ya mtu aliyelala. Furaha yote ya msomi iko katika hesabu za namna hiyo, za kujua nani yuko wapi na lini. Asiyezipenda ataona fani hii ni adhabu.

Katika ngazi ya 5 umaskini huo huisha ghafla. Mpira wa moto hutupiwa dadu 8 za pande 6, wastani 28, kwa kila kiumbe kilichomo ndani ya futi 20 kutoka pale ulipolipukia, na anayefaulu kukwepa bado huchukua nusu. Msomi anaweza kuurusha mara mbili kwa siku, na mara ya tatu akijirudishia nafasi baada ya mapumziko mafupi. Mpiganaji aliyekuwa akimlinda tangu mwanzo atatazama maadui kumi wakianguka kwa tamko moja, na si vibaya msimamizi akawaeleza wachezaji mapema kwamba ndivyo mizani ya mchezo huu inavyoyumba: mwenye silaha hutoa kiasi kilekile mchana kutwa, mwenye matamko hutoa kingi kisha akaishiwa.

Kasisi ana sifa isiyo ya haki ya kuwa muuguzi wa kikundi. Sikatai kwamba anatibu. Tamko lake fupi la uponyaji humfikia mwenzake aliye umbali wa futi 60, humrudishia uhai wa dadu moja ya pande 4 na nyongeza ya busara, na halimzuii kasisi kumpiga adui aliye mbele yake katika zamu hiyohiyo. Kwa mtu aliyeanguka na kufikia pointi sifuri, ambaye vinginevyo hutupa dadu kila zamu akitafuta 10 au zaidi mara tatu kabla hajakosa mara tatu na kufa, uponyaji huo mdogo ni sawa na kuvutwa kutoka majini. Lakini kasisi wa tawi la Uhai, ambalo ndilo lililomo katika kanuni za bure, anaruhusiwa kuvaa deraya nzito na kushika ngao, na kinga yake hufikia ile 18 ya mpiganaji. Anaweza kuwabariki watu watatu, ambao kila mmoja ataongeza dadu ya pande 4 kwenye mashambulio yake, na baraka hiyo mara nyingi huokoa uhai mwingi kuliko dawa, kwa sababu adui aliyekufa mapema hajeruhi mtu. Ninapomwona kasisi akitibu kila mkwaruzo zamu baada ya zamu, najua kwamba pambano litachukua muda mara mbili ya ule uliostahili.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kati yao, na ambayo sijaona ikisisitizwa vya kutosha, ni muda wa kukaa na uteuzi mbaya. Kasisi huamka kila asubuhi na orodha nzima ya matamko ya fani yake mbele yake, akachagua idadi inayolingana na ngazi yake na busara yake, na akikosea leo atachagua upya kesho bila kulipa chochote. Msomi huongeza matamko 2 kila anapopanda ngazi, na mengine hunakili kutoka vitabu anavyovikuta njiani, kila ngazi ya tamko ikimgharimu saa 2 na vipande 50 vya dhahabu. Kitabu chake kwa hiyo ni historia yake. Aliyejaza kurasa kwa matamko ya moto peke yake atajuta siku atakapokutana na kiumbe asiyeungua, ijapokuwa bado ana njia ya kujinasua. Mgeni anayeogopa kukosea na achukue kasisi. Anayependa kukusanya vitu, na aliye tayari kusoma kurasa kadhaa kati ya Jumamosi na Jumamosi, achukue msomi, ila ayaandike matamko yake kwenye daftari, kila moja kwa sentensi mbili, badala ya kutegemea simu.

Malenga

Hii ndiyo fani ninayoipenda kuliko zote, na msomaji azipunguze sifa zangu ipasavyo. Malenga hupigana kidogo, hutibu kidogo, hufungua kufuli kidogo, na kuanzia ngazi ya 2 huongeza nusu ya umahiri wake hata kwenye mambo ambayo hajawahi kujifunza. Kwa karatasi anaonekana kama mtu asiye na kazi maalumu. Mezani ndiye anayewafanya wengine wang'are, kwa sababu humkabidhi mwenzake dadu moja ya pande 6 ambayo mwenzake huyo ataitumia ndani ya dakika 10 kuongezea pigo, stadi au kujiokoa. Kwetu dadu hiyo hutoka kwenye seti ya ludo na hukabidhiwa mkononi hasa, na nimeona mtu akiishikilia kiganjani zamu tatu nzima akisubiri wakati unaostahili.

Fani hii inakubali utamaduni wa huku kwa urahisi usio wa kawaida. Malenga anahitaji ala ya muziki, na hakuna kinachomzuia kubeba nyatiti yenye nyuzi nane badala ya zeze la Ulaya. Anayejua pakruok, ambapo muziki husimamishwa ili mtu ajisifu yeye, mpenzi wake au ukoo wake, tayari ana mfano wa jinsi ya kumpa mwenzake moyo kwa maneno. Lipo pia tamko lake la kejeli, ambalo humtia adui jeraha dogo la dadu ya pande 4 na kulifanya shambulio lake linalofuata liwe dhaifu, na masharti yake ni kwamba tusi litamkwe kweli. Kizazi kilicholelewa kwa mchongoano hakiishiwi. Jitu moja nililokuwa nikiliigiza lilikumbana na kauli hii: "Una kichwa kikubwa hadi mvua ikinyesha mabega yako hayalowi." Sikuwa na namna ila kulikosesha shabaha.

Ila yapo yanayomkwamisha. Malenga hana uhuru wa kasisi wa kubadilisha matamko kila asubuhi, kwani anajua 4 tu mwanzoni na anaruhusiwa kubadilisha moja kila anapopanda ngazi, na katika meza inayokutana mara moja kwa wiki, ngazi moja huweza kuwa mwezi mzima au zaidi. Kwa hiyo mgeni anayemtaka malenga amwombe msimamizi amsaidie kuteua matamko hayo manne, au akubaliane naye mapema kwamba baada ya mikutano ya mwanzo ataruhusiwa kuyatengeneza upya. Tena mtu asiyependa kusikika asijilazimishe. Malenga anayenong'ona hachezeki.

Mwenye agano na mrithi

Mwenye agano ndiye mtumiaji wa uchawi aliye rahisi kuliko wote kuendesha na mgumu kuliko wote kueleza nyumbani. Uwezo wake hutokana na mapatano na kiumbe mwenye nguvu. Ana nafasi 2 tu za matamko kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 10, lakini hurudishiwa zote baada ya mapumziko mafupi ya saa moja, na kati ya hapo hutumia mshale wake wa nguvu, wa dadu moja ya pande 10 na umbali wa futi 120, bila kuishiwa. Zamu zake kwa hiyo ni fupi karibu sawa na za mpiganaji. Atakayemchagua ahakikishe kwamba kikundi chake kina desturi ya kupumzika, maana katika kikundi kinachokimbia kutoka pambano hadi pambano bila kuketi, atapungua kuliko wote.

Kanuni za bure zinampa bwana wa aina moja tu, naye ni pepo wa kuzimu. Katika nyumba nyingi za hapa magharibi mwa Kenya, ambapo mama yuko jikoni na anasikia kila neno linalosemwa sebuleni, uteuzi huo utazua mjadala ambao haufai kuharibia watu Jumamosi. Kitabu kamili kina mabwana wengine, lakini naona chemchemi iliyo bora ipo karibu zaidi. Nyamgondho mwana wa Ombare, katika hadithi inayosimuliwa Gwassi, alikuwa mvuvi maskini ambaye nyavu zake zilimtoa bikizee ziwani. Akamchukua nyumbani, akatajirika kwa mifugo, kisha siku moja akiwa amelewa akamtukana, na bikizee akarudi ziwani na mali yote ikimfuata. Agano lote limo humo: asili ya utajiri, sharti lisiloandikwa, na njia ya kulivunja. Mchezaji anayemtaka mwenye agano akimpa msimamizi bibi wa ziwa badala ya pepo, takwimu zitabaki zilezile, na msimamizi atakuwa na hadithi ya mwaka mzima.

Mrithi, anayeitwa Sorcerer, huzaliwa na uchawi damuni na ana uwezo wa kuyapinda matamko, kwa mfano kulielekeza tamko moja kwa watu wawili. Ni mtamu kwa mchezaji mzoefu. Kwa mgeni simpendekezi hata kidogo, kwa kuwa anaanza na matamko 2 tu ya ngazi ya 1, ana uhai mdogo sawa na wa msomi, na hubadilisha tamko moja tu kwa kila ngazi. Akiteua vibaya hana kitabu cha kumwokoa.

Waliobaki

Mlinzi wa misitu, Druid, huwavutia watu kwa uwezo wake wa kujigeuza mnyama kuanzia ngazi ya 2, na waliosikia masimulizi ya Gor Mahia, mganga aliyesifika kwa kujibadili umbo, humwelewa mara moja. Wasichokijua ni kwamba mwanzoni hawezi kugeuka mnyama mwenye kuruka wala mwenye kuogelea. Mamba humngoja hadi ngazi ya 4 na tai hadi ya 8. Kila mnyama ana karatasi yake ya takwimu, kwa hiyo asipoziandaa kabla, zamu yake ndiyo itakayokuwa ndefu kuliko zote mezani.

Shujaa wa kiapo, Paladin, ni mchanganyiko mzuri wa mpiganaji na kasisi, na kutoka ngazi ya 2 anaweza kuligeuza pigo lililokwisha kumpata adui kuwa pigo takatifu kwa kuongeza dadu 2 za pande 8 au zaidi. Kanuni za 2024 zimelifunga pigo hilo liwe mara moja tu kwa zamu. Mtawa, Monk, hupiga ngumi nyingi na huchezwa vyema na anayejua kuhesabu pointi za nguvu zake za ndani. Mwindaji, Ranger, wa toleo la 2014 hutegemea sana kama msimamizi atamletea maadui na mandhari aliyoyachagua mwanzoni, na kwa sababu hiyo ningemshauri anayempenda atumie kanuni mpya.

Kuchagua kulingana na meza

Meza ya wachezaji wanne haihitaji kuwa na kila kitu, lakini huumia ikikosa mtu wa kusimama mbele na mtu wa kumwinua aliyeanguka. Mahitaji hayo mawili yakishatimizwa, wengine wachague wanachopenda. Meza ya wachezaji wawili au watatu, kama zile za wanafunzi wanaokutana hosteli, hufaidika zaidi na fani zinazobeba kazi mbili: kasisi mwenye deraya nzito, shujaa wa kiapo, malenga. Katika meza ya watu sita, fanya kinyume, chukua fani yenye zamu fupi kama mpiganaji, mjanja au mwenye agano, kwa kuwa wasomi wawili na mlinzi wa misitu mmoja wakiwa pamoja, matatu ya mwisho ya Ahero itaondoka pambano la kwanza halijakwisha.

Na kama umealikwa leo, karatasi yako haijaandikwa na wenzako wameshaketi, chukua mpiganaji mwenye upanga mkubwa. Ukifika ngazi ya 3 utakuwa umewaona wengine wakicheza zamu nyingi za kutosha kujua unayemwonea wivu ni nani, na wasimamizi wengi hawatakukatalia ukiomba kumbadilisha mhusika hapo.